Lengalenga katika Nyasi za Mwenzangu

Siku mbegu zilipopulizwa, jirani mmoja wa Gitega aliniuliza kama tulikuwa tunaupaka mteremko rangi. Swali lilikuwa la haki. Ndani ya tangi la kupulizia mlikuwa na maji, mbegu za ukoka, karatasi iliyosagwa, mbolea, gundi kidogo, na rangi ya kijani iliyomwezesha mshika mpira wa kumwagia kuona alipopita na alipobakiza. Mchanganyiko ule ulitoka mzito kama uji, ukatua juu ya udongo na kushika. Kwa muda wa saa moja tu, mteremko mwekundu nyuma ya bweni uligeuka kijani bila kuwa na jani hata moja. Kijani cha kuazima, nilijisemea.

Siku mbili baadaye, tangi lilelile lilipelekwa Muyinga, likamwaga uji uleule mbele ya kituo cha afya, chini ya macho ya mwenzangu.

Mwenzangu na mimi tulikuwa wanafunzi wa shahada ya uzamili chini ya profesa mmoja. Mimi nilikuwa nimetoka kukataliwa: jopo lilinirudishia pendekezo langu la utafiti mbele ya watu. Profesa, kwa huruma au kwa uchovu, alimpa kila mmoja wetu mteremko wake na sharti moja. Baada ya wiki kumi angekuja na mashine ya kukatia nyasi. Yule ambaye nyasi zake zingestahili kukatwa angepewa nafasi pekee ya kuendelea na mradi wa nyasi hadi mwisho wa shahada. Mwingine angetafuta mada mpya na kulirudia jopo. Nilijua kwamba sitaweza kusimama pale tena.

“Kumbukeni,” profesa alisema akifunga mlango wa gari, “mbegu hazisomi.”

Niliiandika sentensi hiyo katika daftari langu, nikaipigia mstari, wala sikuielewa.

Nilimwagilia mara nne kwa siku, kila mara dakika sita. Kabla ya kumwagilia nilichomeka kidole udongoni hadi kiungo cha kwanza. Baada ya kumwagilia nilichomeka tena, nikaandika tofauti. Nilizungushia mteremko kamba na vitambaa vyekundu, kwa sababu kitabu kilisema mguu usikanyage nyasi changa kabla ya kukatwa mara ya kwanza. Siku ya saba mwenzangu alinitumia picha: vijani vyembamba kama nywele za mtoto mchanga, vimesimama wima. Chini yake aliandika, “Zimeota! Njoo ushuhudie.” Zangu zilikuwa bado. Niliikuza picha ile hadi ikapoteza umbo. Nilichunguza vivuli nijue ilipigwa saa ngapi, kwa maana jua la asubuhi huwapendelea watu. Zangu zilipoota, siku mbili baadaye, yeye alikwisha kutuma picha nyingine.

Nilimwonea wivu hata kwa Kiswahili chake. Alizaliwa na kusomea Tanzania, kabla wazazi wake hawajarudi Butihinda kutoka uhamishoni, na maneno yalimtoka yakiwa yamenyooka. Mimi cha kwetu mtaani nilikuwa nikikivalisha suti kila nilipotaka kuandika.

Mama yangu aliniona nimeinamia simu, akasema, “We, ile picha itakupasua macho. Majani yako iko inje, haiko ndani ya simu.”

Majani yalikuwapo nje kweli, ila si ya ukoka peke yake. Udongo wa juu ulioletwa kwenye miteremko yote miwili ulitoka katika mazizi ya zamani, na penye samadi ya ng’ombe, lengalenga, mboga ambayo wengine huiita mchicha, haingoji kupandwa. Katika wiki ya tatu ilichomoza kila mahali. Wanawake watatu waliokuwa wakitoka sokoni walisimama kwenye kamba yangu.

“Mwanangu, ile mboga utaiacha izeeke?”

“Hairuhusiwi kukanyaga, mama.”

“Sisi tunakanyaga vizuri!” mmoja akajibu, na wote wakacheka.

Niliwakatalia. Wiki ya tano lengalenga ilifika magotini na ukoka ulio chini yake ukawa wa manjano kwa kukosa jua. Ndipo nilipoingia mwenyewe, nikaing’oa na mizizi yake. Kila mzizi ulitoka na kipande cha udongo chenye nyasi changa, kama bandeji inayobanduliwa pamoja na ngozi. Mvua ya usiku ule iliyapata yale mashimo, na asubuhi mteremko wangu ulikuwa na mifereji.

Wiki ya saba nilikwenda Muyinga. Nilimwambia mwenzangu kwamba nimekuja kulinganisha vipimo. Nilikuja kutafuta kasoro.

Sikuipata. Ukoka ulikuwa umefunga udongo wote, na juu yake wanawake wanne walikuwa wamepiga magoti kwenye mbao pana, wakichuma lengalenga kwa kucha. Hawakung’oa. Walivunja ncha laini tu, wakatia kapuni, wakasogeza ubao mbele.

“Wananifanyia palizi, nami nawapa mboga,” mwenzangu alisema. “Ubao unagawa uzito. Lengalenga ikichumwa kila mara, haiwezi kuwatia wenzake kivuli. Mashine ikija itaimaliza.”

“Kitabu kinakataza kukanyaga.”

“Kinakataza nyayo. Magoti hakikuyataja.”

Wanawake wakacheka, na nikahisi kila kicheko kimenilenga mimi. Alasiri hiyo alipigiwa simu kutoka Butihinda: baba yake alikuwa mgonjwa. Alifunga mzigo wake haraka, akanikabidhi mpira wa maji bila kusita. “Nishikie zamu siku mbili tu. Maji asubuhi. Akina mama wakija, waache waingie.”

Walikuja asubuhi iliyofuata na makapu yao. Nilikuwa nimesimama langoni pa kituo. Sikuwa nimepanga neno lolote, lakini nilijisikia nikisema, kwa sauti tulivu ya mtaalamu:

“Leo hapana. Imepigwa dawa ya wadudu.”

Waliitazama nyasi, wakanitazama mimi, wakaondoka. Siku ya pili hakuja mtu. Mwenzangu alipiga simu kusema baba yake amelazwa, naye atakawia. Siku ya tano lengalenga ilikuwa imeupita ukoka kwa vidole vitatu. Nilikokotoa, kwa usahihi ule ule ulionisaidia kidogo sana katika maisha, kwamba kufikia wiki ya kumi mteremko wake ungefanana na wangu. Sikuhitaji kugusa kitu. Nilikunywa chai yangu nikiitazama lengalenga ikirefuka, na nitasema ukweli: chai ilikuwa tamu.

Siku ya sita mmoja wa wale wanawake alikuja peke yake, mkubwa wao, aliyezoea kuwatania wenzake. Hakuwa na kapu.

“Niambie, ile dawa ilipigwa siku gani?”

“Kwa nini, mama?”

“Ile mboga ya mwisho tulikula. Wajukuu wangu walikula. Tangu hapo mi nawaamusha asubuhi nawashika tumbo. Kamoja kamehara jana.” Alinitazama usoni. “Watakufa?”

Niliweka kikombe chini. “Hakuna dawa, mama. Haikupigwa dawa yoyote. Nilisema uongo.”

“Uongo wa nini?”

Nilisema, “Niliona nyasi za mwenzangu ni nzuri.”

“Sasa mi niamini gani? Ya ile siku ao ya leo?” Kisha akashuka mwenyewe hadi kwenye lengalenga, akachuma konzi mbili na kwenda nazo.

Adhuhuri alirudi na wenzake watatu na sufuria. Alikuwa amepika ile lengalenga kwa mawese na kitunguu. Kwetu mwenye kumkaribisha mgeni huonja kwanza kile anachompa, ili mgeni aone kwamba hamna sumu. Aliiweka sufuria mbele yangu, kwenye meza ya wagonjwa wa nje, akanipa kijiko.

“Mboga imetoka kwako. Kula we wa kwanza.”

Nilikula. Nilipotaka kuweka kijiko chini, alisema niendelee. Mwenzake mmoja akasema, “Akianguka, kituo cha afya iko hapa,” na wakacheka, ila hawakuondoa macho kwangu. Nilimaliza sufuria nzima. Walikaa hadi alasiri wakinitazama nikiwa hai, ndipo mkubwa wao akaenda kuzichukua mbao.

Mwenzangu aliporudi kesho yake, walimweleza kabla sijafungua kinywa. Alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama ni kweli, nikasema ni kweli. Nilitarajia anifukuze.

“Umenipotezea siku sita,” alisema. Akaniburutia ubao hadi miguuni. “Piga magoti.”

Nilibaki siku tatu nikichuma. Mkubwa wa wanawake alinionyesha mahali kucha inapopita, juu kidogo ya kifundo, na mara mbili alinipiga kofi mkononi kwa kuvuta badala ya kuvunja.

Wiki ya kumi profesa alikuja. Kule Gitega aliutazama mteremko wangu akiwa dirishani mwa gari, wala mashine hakuishusha. Nilipanda gari pamoja naye hadi Muyinga, kwa kuwa nilitaka kuona. Mashine ilipita, ikaacha mistari, na harufu ya nyasi zilizokatwa ikanipanda hadi machoni. Nafasi ikawa yake. Nilimpongeza kwa sentensi niliyoiandaa njiani, nayo ilikuwa fupi.

Tulipokuwa tukiondoka, yule mkubwa alinipa fungu la lengalenga, lililochumwa mwisho kabla ya mashine kupita. “Mupelekee mama yako. Unajua nani anakula wa kwanza.”

Mama aliipika jioni ileile na kuniwekea sahani. Nilichukua kijiko nikaonja kabla yake, na yeye akashangaa, akauliza tangu lini naogopa mkono wake. Nilichota tena. Jopo linaningoja mwezi ujao na mada bado sina. Lengalenga ile ilikuwa laini, tamu kuliko yoyote iliyowahi kuota kwenye mteremko wangu, na hata hilo liliniuma.