Hondohondo Aliyejifungia Ndani ya Mninga

Nakumbuka siku moja, mwanangu, mvua za kwanza zikiwa zimenyesha, nilishuka kutoka vilima vile vikavu vya upande wa Mikumi nikiwa na hondohondo dume, ndege yule wa mdomo mkubwa, ndani ya tenga, nimefurahi kweli kweli. Nilikuwa kijana wa Kimamba. Shamba la mkonge lilikuwa limefungwa, kazi hakuna, na mke wangu Tabu alikuwa na mimba kubwa. Ndiyo miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Watu walikuja na pikapu kununua ndege hai wa kupeleka ng'ambo, nasi vijana tukawa mafundi wa ulimbo, utomvu ule wa kunasia ndege. Nilimuuza yule ndege jioni ile ile.

Kesho kutwa yake nilirudi kutega tena. Chini ya mninga nilipomnasia nikamkuta Mzee Koini, mfugaji wa huko bondeni, amesimama na fimbo yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ni wewe uliyemchukua baba wa nyumba hii?"

Sikuelewa. Akanishika mkono taratibu, akanionyesha tundu kwenye shina, limezibwa kwa udongo, umebaki ufa mwembamba tu. Ncha ya mdomo ilichomoza pale, ikifunguka na kufumbika.

"Mama yumo ndani na makinda," akasema. "Amejifungia mwenyewe, na manyoya ya mabawa yamempukutika. Mumewe ndiye aliyekuwa akimletea chakula. Tangu juzi hajaja."

"Basi tubomoe, atoke."

"Atoke aende wapi, naye hawezi kuruka?"

Hakunigombeza. Afadhali angenichapa.

Nilipanda baiskeli hadi Kilosa kumtafuta mnunuzi anirudishie yule dume. Pikapu ilikuwa imeshaondoka. Nilifika nyumbani nimenywea, nikamweleza Tabu yote. Akaweka mkono juu ya tumbo.

"Basi utamlisha wewe," akasema.

Nikamlisha. Nilipanda ule mti kila siku, nikapitisha panzi na matunda ya porini kwenye ufa kwa kijiti kilichopasuliwa ncha. Siku ya kwanza alinidonoa kijiti kwa hasira. Siku ya pili njaa ilimshinda, akapokea. Vijana wenzangu walinicheka sana. Tabu, na uzito wake ule, alinikamatia panzi shambani. Alipojifungua binti yetu nilitaka kubaki nyumbani, akanifukuza: "Nenda! Mimi nina mama yangu hapa. Yule ana nani?"

Wiki kadhaa baadaye nikakuta udongo umebomolewa. Mama alikuwa tawini, manyoya mapya, mdomoni ana panzi wake mwenyewe. Kinda moja lilikuwa hai, likilia tunduni. Jingine nililikuta chini ya mti, limekufa, jembamba kama jani. Nililia, mwanangu, wala sioni haya kukwambia. Ulimbo niliutupa, nikaenda kulima kibarua Mvumi.

Kwa hiyo nakuusia: kabla hujachukua kitu porini, uliza kwanza nani anakingoja. Na ukikosea, usiishie kusikitika. Panda mti ukarekebishe unachoweza, hata kama hutakirekebisha chote. Mungu akujalie mikono yenye huruma, na wote wanaokungoja nyumbani wakuone ukirudi salama.