Askari wa Kwenye Kitabu

Shule niliacha darasa la tatu. Nyumba ninayolala nimeijenga mwenyewe, kwa kuchinja ng'ombe na kuuza nyama hapa Bwera, kwa hiyo mtu asinifundishe habari za maskini. Lakini mwanangu, niliyempeleka chuo Kampala, alirudi na kitabu chenye ngumi nyekundu kwenye jalada, akawa ananisomea mezani kama katekista. Kitabu kilisema wananchi wakiona barabara imefungwa watatoka wote kuunga mkono. Kilisema pia askari ni mtoto wa maskini: mwonyeshe kifua, mwite ndugu, atashusha bunduki.

"Aliyeandika haya aliwahi kukaa jirani na kambi ya jeshi?" nilimwuliza. Mimi askari ni wateja wangu.

"Baba, unaogopa kwa sababu umeshiba."

Mdomo uliosema hivyo nimeulisha mimi.

Siku ya soko, yeye na wenzake wakafunga barabara ya Kasese kwa mawe na matairi ya moto, wakitaka ushuru wa soko ufutwe. Hakuna aliyetoka kuwaunga mkono. Akina mama wenye nyanya waliwatukana mpaka sauti zikakauka.

Halafu kutoka milima ya Nyakiyumbu wakateremka wanaume na machela. Kwetu kila kilima kina kikundi chake cha kubeba wagonjwa. Ukisikia mwito unatupa jembe, unaweka bega, hata kama mgonjwa ni adui yako. Asiyebeba, siku yake hatabebwa. Na machela haisimamishwi na mtu. Hata wenye maiti huipisha njia. Juu yake alilala mwanamke aliyeshindwa kujifungua, kitenge kimelowa damu.

Mwanangu akasimama katikati. "Barabara imefungwa kwa ajili ya wananchi! Tukipitisha mmoja tumeshindwa!"

"Mwananchi ndiye nani?" akauliza mzee aliyebeba mbele. "Huyu ni mbuzi?"

Kijana mmoja akasukuma mti wa machela. Mwanamke akaanguka kwenye lami. Nilikuwa nakuja mbio kutoka buchani na kile kilio nilikisikia. Mimi ni mchinjaji, sijawahi kusikia kilio kama kile.

Wabebaji wakamrudisha kwenye machela, wakaiweka kando, wakaokota fimbo. Vijana wakajibu kwa mawe. Nilipofika, wabebaji wawili walikuwa wamepasuka vichwa, na mwanangu alikuwa chini ya miguu ya wenzao, mkono umegeukia upande usio wake. Nikajitupa katikati. Fimbo ikaniangukia mgongoni.

"Takataka hii ni yako?" akauliza mwenye fimbo.

"Ni yangu!"

Nilikuwa nimemshika kola, namburuta, lori la askari lilipofunga breki. Vijana wakakimbia. Mzee wa machela akanipigia kelele, "Bega! Mabega hayatoshi, mama anakufa! Wewe si wa kilima chetu?"

Mimi ni wa kilima kile. Nikaachia kola, nikaweka bega.

Nyuma yangu mwanangu akaita, "Baba!" Kisha nikamsikia akimwambia askari yale ya kitabu, kwa Kiswahili cha kambini, na nadhani alikuwa anafungua shati kwa mkono mmoja.

"Afande, wewe pia iko mutoto ya maskini. Sisi iko ndugu."

"Nani iko maskini? Lala chini!"

Kitako cha bunduki kikatua. Meno yakivunjika yana mlio wake. Akapiga tena, na tena. Sikugeuka, kwa sababu mbebaji akigeuka machela inayumba, na hospitali ilikuwa bado mbele.

Mwanamke alipona. Mtoto wake hakulia.

Mwanangu alipotoka mahabusu Kasese, mkono umeunga vibaya, mbele hana meno, hakunisalimia.

"Ulinisikia nikikuita?"

"Nilikusikia."

Akasubiri niongeze neno. Nikamwambia habari ya yule mtoto ambaye hakulia, usoni pake, nisipunguze kitu. Aliinamisha kichwa, akaenda kuketi jikoni kwa mama yake. Mpaka leo anakula huko.