Gari Lililoshindwa Kufika Kuresoi

Nakumbuka Jumapili moja, watu wa mtaa wetu wa Rhonda, mjini Nakuru, wakiwa kanisani, mimi na rafiki yangu Wafula tulipojifungia ndani ya gereji na kukata springi za gari la baba yangu. Tulipunguza mizunguko miwili kila upande, na gari likashuka hadi ngumi isingepita kati ya tairi na bodi. Wafula alilizunguka akipiga makofi.

"Boss, hii imelala! Leo Nakuru itatujua."

Usinicheke, mwanangu. Nyinyi wa leo mnadhani gari la kunguruma mmelianzisha nyinyi. Enzi zetu, Pasaka ikikaribia na magari ya mashindano yakitarajiwa kupita bondeni, kila kijana mwenye usukani alitaka kufanana nayo. Tulichora namba milangoni, tukafunga taa nne mbele, tukang'oa sailensa ili sauti itangulie. Tairi pana tulizitafuta kwa miezi. Tulikuwa tukiegesha kando ya barabara ya Bahati, kila mmoja akilitukana gari la mwenzake na kulitamani papo hapo. Hadi leo nikisikia injini iliyofunguka vizuri, moyo wangu huu mzee huruka. Wengi wa vijana wale tumeshawazika, Wafula akiwemo, na siku nyingine huwalilia peke yangu.

Lakini gari lile halikuwa langu. Baba alikuwa mkulima wa viazi Kuresoi, na nguvu zilipomwishia alinikabidhi funguo kwa sharti moja tu, kwamba yeye na mama wakihitaji kwenda mahali, niwapeleke. Mwenye gereji, Mzee Oduor, ambaye ndiye aliyemfundisha Wafula ufundi, alikuwa amekataa katakata kuzigusa springi zile. Aliniuliza kwetu ni wapi. Nilipomwambia, akacheka.

"Nikikata hii springi, hayo matuta ya barabara ya kwenu nani atayakata?"

Nilimwona mshamba. Ndiyo sababu tulingoja aende kanisani. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, husema wahenga, ila mimi guu langu lilibaki zima. Aliyeumia ni mwingine.

Mvua ndefu zilipokolea, baba alilazwa hospitalini Nakuru. Daktari alinivuta kando akaniambia yaliyobaki ni ya Mungu. Baba mwenyewe alijua, akaomba jambo moja tu: arudi nyumbani, aone viazi vyake vikichanua, na alale kitandani mwake mama akiwa karibu. Mama alikuwa huko Kuresoi akitungoja. Nikamketisha baba kiti cha mbele, nikamfunika blanketi. Alikuwa amezitazama namba zile mlangoni kabla ya kuingia.

Hadi Molo tulikwenda vizuri. Tulipoingia barabara ya udongo, magurudumu yalizama kwenye mifereji iliyochimbwa na malori ya viazi, tumbo la gari likakalia tuta la katikati. Badala ya kushuka nitazame, nilikanyaga mafuta. Jiwe likapasua sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, na oili yote ikamwagika matopeni. Zilibaki kama maili nne. Nilisukuma, nikateleza, nikalia waziwazi mbele ya baba yangu. Yeye alikuwa akitetemeka kwa baridi.

"Umetengeneza gari vizuri, kijana yangu," akasema polepole. "Shida ni moja tu. Nyumbani haifiki."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angenichapa. Trekta la kwanza kutokea lilikuwa likielekea Molo, na wakati huo pumzi ya baba ilikuwa imebana, ikabidi turudi hospitali. Alifariki siku ya tatu, akiwa wodini, bila kuonana na mama. Nilipofika nyumbani na habari hiyo nilikuta mama ametandika kitanda shuka mpya. Hakuniuliza chochote kuhusu gari, wala hakuwahi kuniuliza maisha yake yote. Majuto ni mjukuu, na mimi nimezeeka naye.

Kwa hiyo, mwanangu, sikukatazi kupamba gari lako. Ujana una haki yake, na ningepewa tena siku moja ya barabara ya Bahati ningeipokea kwa mikono miwili. Lakini kabla hujashika msumeno, jiulize ni nani anayetegemea kitu hicho kimfikishe. Kama ni chako peke yako, kata upendavyo. Kama kuna mzee mahali anayekihesabu kuwa ndiyo miguu yake, kiache kilivyo, hata wenzako wakucheke. Ni hivyo hivyo kwa kazi yako, na shamba, na hata jina la ukoo. Na mkubwa akikuuliza swali huku anacheka, usidhani ni mzaha. Lijibu kwanza.

Mungu akulinde barabarani. Na siku mzazi wako atakapokuambia, "Nipeleke nyumbani," akujalie umfikishe hadi mlangoni.