Diski za Mwalimu Mkuu

Mwalimu mkuu huyu alikuwa na jambo moja la kujivunia kuliko yote: shule yake ilikuwa kimya. Asubuhi yoyote angeshuka garini, akapita verandani, na asingesikia hata kiti kikikwaruza sakafu. Wanafunzi vichwa vitabuni, walimu kalamu mkononi, karani anachapa utadhani anafukuzwa. Wakuu wenzake walipolalamika vikaoni juu ya uzembe wa walimu wao, yeye alitabasamu tu. "Ni heshima," aliwaambia. Wakampachika jina la Bi Kimya, naye akalipenda.

Maskini, hakuna aliyemwambia habari ya breki zake. Gari lake lilianza kulia tangu juu ya mteremko, kabla halijafika getini, kilio cha chuma kusaga chuma ambacho hata wagonjwa wa zahanati ya ng'ambo walikijua. Mwenyewe alishakizoea, hakisikii tena. Lakini shule nzima ilikisikia. Alipokuwa anamaliza kuegesha, vikombe vya chai vilishafichwa kabatini, miguu ilishashushwa mezani, na mwalimu aliyesinzia alishaamshwa na kufutwa mate.

Siku moja, kwenye mteremko uleule, usukani ukatetemeka mikononi mwake, breki zikakawia, na gari likaja kusimama limebusu tangi la maji la shule. Roho ilimruka. Jioni akalipeleka kwa shemeji yake, mume wa mdogo wake, fundi mwenye gereji uani kwake.

Shemeji akavua magurudumu, akapitisha kidole kwenye diski ya breki, ile sahani ya chuma inayobanwa ili gurudumu lisimame, kisha akaipima unene.

"Shemeji, hii mifereji unaweza kupanda maharage," alisema.

"Si ulizipeleka zikachongwa mwaka jana?"

"Na mwaka juzi. Kila zikichongwa, chuma kinapungua. Kikiwa chembamba kinapata moto upesi, kinapinda, na mtetemo unarudi palepale. Kipimo cha mwisho kimeandikwa hapa pembeni. Nikizipeleka tena kwa mkerezaji, atakurudishia bati. Lakini gari ni lako. Kuchonga au kubadilisha, sema wewe."

Akaomba afikirie mpaka kesho. Kosa lake lilikuwa kulitaja jambo hilo katika chumba cha walimu. Loo! Watu ambao siku zote humjibu "ndiyo, Mwalimu" na "sawa, Mwalimu", ghafla wote wakawa mafundi magari. Mwalimu wa hesabu alisema diski za siku hizi ni makopo matupu. Mwalimu wa historia akaapa kwamba chuma cha zamani hakina mfano. Karani, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, akamshika mkono kwa upole. "Zichonge tu, mama. Zitanyamaza siku mbili tatu, halafu zitarudia hali yake." Mwenzake akamkanyaga mguu chini ya meza.

Wakamvika kilemba cha ukoka mpaka kikamfunika macho: dereva makini kama yeye, diski mpya za nini? Bi Kimya akatoka pale machozi yakimlengalenga. Hakujua kwamba wanampenda kiasi hicho.

Hata hivyo, lile tangi halikumtoka kichwani. Siku nyingine pangeweza kuwa na mtoto anachota maji. Akakata shauri.

"Badilisha," alimwambia shemeji. "Zote, na pedi zake."

"Afadhali. Nilishaanza kumtafutia mumeo mke mwingine."

Shemeji alisema gari litakuwa tayari mchana, na shuleni wote waliarifiwa kwamba mkuu atachelewa. Kumbe kazi ilikwisha mapema. Bi Kimya akashuka ule mteremko asubuhi ingali mbichi, gari likitii mguu wake bila hata mguno. Alipozima injini akasikia makelele, akadhani ni ya sokoni. Kisha akakumbuka kwamba soko liko mbali.

Darasa la kwanza lilikuwa limepanda madawati. La pili, mtoto mmoja alikuwa ubaoni akifundisha wenzake, tena akifundisha vizuri. Kutoka chumba cha walimu kulitoka kicheko cha watu waliovunjika mbavu, kicheko ambacho hajawahi kukisikia katika jengo lile. Akasukuma mlango polepole.

Mwalimu wa hesabu alikuwa amempa mgongo, miwani kwenye ncha ya pua, mikono kiunoni, akitembea kwa madaha kati ya viti. "Ni heshima," alikuwa akisema kwa sauti nyembamba. "Heshima, jamani!"

Mmoja mmoja wakamwona mlangoni. Kicheko kikakatika, mwalimu wa hesabu akabaki anaigiza peke yake. Bi Kimya akakitambua kile kimya. Ndicho alichopokelewa nacho kila asubuhi miaka yote hii, naye akienda nacho nyumbani kifua mbele. Ilimuuma, tena sana. Akaona pia kwamba hakuna aliyewahi kumkaribisha kikombe cha chai mle ndani.

Mwalimu wa hesabu akageuka, miwani ikamdondoka.

Bi Kimya akavuta kiti, akakaa.

"Umekosea," alisema. "Mimi mikono naiweka nyuma, si kiunoni. Hebu rudia."

Mwalimu akarudia, jasho likimtiririka. Hakuna aliyethubutu kucheka mpaka yeye mwenyewe alipoanza.