Mikono ya Mama Kwenye Picha

Mama alipojua hatapona, aliniita kutoka Gitega, ninakopiga picha za wanafunzi wa mtaa wa Mushasha kando ya ukuta wa kanisa. "Njoo na mashine yako," aliniambia kwenye simu. "Nataka picha mtakayoiweka mezani siku ya kuondoa matanga." Nilipanda basi hadi Muyinga, kisha pikipiki mpaka kwake Gasorwe. Sikulia. Njia nzima niliwaza mwanga tu.

Mlango wake unatazama mashariki, kwa hiyo nilimketisha kizingitini asubuhi, jua likiwa bado laini. Alivaa kitenge kipya, akakaza uso. Nilipoinua kamera, mikono yake ikapanda kifuani, vidole vimekunjwa, kana kwamba ameshika kitu. Nikabonyeza hivyo hivyo.

"Mama, shusha mikono."

Akaishusha. Nikainua kamera, ikapanda tena. Ndipo nikaelewa. Kambini Tanzania, tulipokuwa wakimbizi, kila tulipopigwa picha tulishikishwa kibao chenye namba ya familia. Picha nyingine mama hakuwahi kupigwa.

Nikamdanganya kwamba nasubiri jua lipande. Yeye kukaa bure hawezi. Akavuta ungo, akaanza kuchambua maharage huku akimsema jirani na mbuzi wake waharibifu. Nikabonyeza. Huyo sasa ndiye mama yangu: mdomo wazi, jicho moja limefinywa, mwanga umemlalia shavuni. Nikamwonyesha.

"Huyu hajajiandaa," alisema. "Watu watadhani nimekufa nikisengenya. Mtaweka ile ya kwanza."

Tuliweka ile ya kwanza. Majirani ambao hawakuwahi kukimbia nchi walisema marehemu alikuwa mtu wa sala, si unaona mikono? Wale tuliorudi nao kutoka kambini waliitazama, wakaenda kuketi. Mimi sikuhisi chochote. Niliendelea kupanga viti.

Miezi ikapita, nikahitaji picha ya kitambulisho. Nikamwendea mwenzangu wa kazi, Mwislamu wa Gitega mjini, aliyezaliwa na kukulia palepale. Naye, kama mimi, hapendi taa za kupigia picha. Akanisimamisha mlangoni, penye mwanga wa nje.

"We, shusha mikono, rafiki," alisema. "Iko inafunika kola."

Nikaishusha. Akainua kamera, akatazama vidole vyangu vilivyokunjwa tena kifuani, akaiteremsha bila kupiga.