Minazi Ishirini na Minne

Mimi ni Mshambaa wa Lushoto, napanga chumba kimoja Tanga mjini, na mwaka ule kazi yangu ilikuwa kuongea peke yangu. Sifanyi mzaha. Nilikuwa natengeneza programu ya simu ya kufundishia hesabu wanafunzi wasioona, na sauti ya kusoma maswali ilikuwa yangu. Nilifunga madirisha kwa sababu ya bodaboda, nikajifunika blanketi mchana kweupe, na joto la Tanga unalijua, nikarekodi Kiswahili, kisha Kishambaa. Kidigo alinisomea mama mwenye nyumba. Alicheka mno, akaniambia, "Baba, si uoe tu upate wa kuongea naye?"

Kishambaa ndicho kilichonishinda. Nilifika saba, nikakwama. Sikuwa nimesahau kuhesabu. Nilitambua tu kwamba tangu tumzike mama sijaongea lugha ile na mtu yeyote. Nilikuwa mpweke, basi, sina neno la kulipamba hilo. Nikalia, nikanywa maji, nikaanza tena moja.

Programu niliipeleka kuijaribu kwenye shule moja ya bweni. Pale, kipindi cha hesabu kikifika, wasioona walitolewa nje wakakae barazani, eti wanahurumiwa. Huruma gani hiyo, jamani! Ndipo barazani nikamkuta binti wa kidato cha pili, asiyeona tangu kuzaliwa, kwao Mkwaja. Aliniamkia, na hata marahaba yangu hakuingoja.

"Mwalimu, hiyo simu yako inajua theluthi?"

"Inajua. Kwani vipi?"

Akanieleza. Mama yake alitangulia, baba yake akafuata yeye akiwa na miaka tisa. Baba aliacha shamba la minazi ishirini na minne. Idadi aliijua vizuri, maana baba alikuwa akimshika mkono na kumpitisha shina kwa shina, aguse, ahesabu. Siku ya mirathi alikaa mkekani akamsikia shehe: mabinti wawili theluthi mbili, wagawane sawasawa, kinachobaki cha ndugu wa marehemu. Ndugu mwenyewe ni baba yake mdogo, ndiye aliyemlea. Naye baba mdogo alimwambia baadaye, yako mitano, ya dada yako mitano. Dada ameolewa Horohoro, akasema hataki maneno na wazee.

"Ila watu kijijini wanasema baba mdogo kadhulumu yatima. Wanasema lisemwalo lipo. Mimi nataka nipige hesabu mwenyewe, niwafunge midomo. Hajawahi kuninyima kitu, mwalimu. Ada analipa yeye. Nikiumwa anakuja yeye."

Jibu nilikuwa nalo kichwani kabla hajamaliza, na sikulipenda hata kidogo. Nikauliza kinafiki, "Nikupigie mimi?"

"Hapana! Kila kitu nafanyiwa. Hii nataka mwenyewe."

Nikampa simu. Sasa sikia ujinga wangu. Somo la sehemu nililitoa kwenye kitabu cha darasani, chenye mchoro wa keki, na kwa kuwa wanafunzi wangu hawaoni, nikauelezea ule mchoro kwa maneno, kwa lugha zote tatu, najiona fundi: "Keki ya duara imegawanywa sehemu tatu sawa. Sehemu mbili zimetiwa kivuli." Binti alisikiliza, akarudia, akasikiliza tena.

"Kivuli kinaifanya nini keki?"

Nikaanza kueleza, nikajiumauma. Akanirudishia simu taratibu, kama mtu anayerudisha sahani ya mwenyewe.

"Hii inawafundisha wenye macho, mwalimu."

Nilirudi chumbani na hasira zangu. Nakiri hapa, maana sijawahi kukiri kwa mtu: nilifikiria kuiacha vilevile. Keki ibaki keki, kivuli kibaki kivuli, binti asijue, ampende baba yake mdogo, na mimi nisiwe mtu mbaya. Nilikaa na wazo hilo siku nne. Sikuwa na mtu wa kumuuliza. Mama mwenye nyumba angenishauri nioe.

Siku ya tano nilizifuta keki zote. Nikafanya alivyofanya yule baba. Ukigusa kioo, simu inatetemeka mara moja: huo ni mnazi mmoja. Gusa tena, wa pili. Ukishamaliza unaipanga kwa safu, unapitisha kidole safu kwa safu, unahesabu. Picha hakuna. Swali lake la minazi nalo nikaliingiza humo, pamoja na jibu.

Alhamisi asubuhi tukakaa barazani, kisikilizio kimoja sikioni kwake, kingine kwangu. Akaipanda minazi yake ishirini na minne kwa kidole, midomo ikihesabu. Akaigawa safu tatu, akazipapasa zote kuhakikisha ni sawa. Safu mbili akazivuta kando, za mabinti. Kumi na sita. Akaigawa mara mbili, yake na ya dada.

Akabonyeza nane.

"Hongera sana!" ilisema sauti yangu masikioni mwetu, imechangamka kuliko nilivyowahi kuchangamka maishani. "Umepata! Wewe ni hodari!"

Binti aliirudia simu. Akafuta, akaanza upya, polepole, shina kwa shina. Nane. Nikampongeza tena. Akabadili lugha, akaweka Kidigo, nadhani akitumaini huko jibu litakuwa jingine. Mama mwenye nyumba naye akampongeza kwa kicheko chake. Natamani ningaliibamiza simu ile ukutani.

"Minane," alisema mwishowe. "Ya dada minane. Na yake minane."

"Ndiyo, mwanangu."

"Kumbe angetuachia tu, tungekuwa sawa wote watatu."

Alitoa kisikilizio, akazungusha waya vidoleni vizuri, akanipa. Darasani wenzake walikuwa wakiimba jedwali la kuzidisha kwa sauti moja. Nilitaka kumwambia watu hukosea hesabu, labda baba mdogo alikosea tu. Sikuthubutu, maana yeye mwenyewe ndiyo kwanza alikuwa amenionyesha kwamba haikosewi.

"Shule inafungwa kesho," alisema. "Yeye ndiye anakuja kunichukua, na atafika mapema, hajawahi kuchelewa. Mwalimu, ile shikamoo nitaitoaje?"