Mchezo wa Zamani na Mkono wa Mama

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimpa mama mpira laini wa kijani, akamwambia aubinye mara mia kila siku kwa mkono wa kulia. Mama aliubinya siku mbili. Siku ya tatu niliukuta chini ya kabati la vyombo, na nilipomuuliza akanijibu kwamba yeye si mtoto wa kupewa mpira, na kama hospitali ina mipira ya ziada, iwapelekee watoto wa shule.

Kiharusi kilikuwa kimempiga upande wa kulia wiki chache kabla ya hapo. Mguu ulirudi mapema. Ulimi ukarudi mapema zaidi, na sisi tunaomjua hatukushangaa. Mkono ndio uliogoma. Ulikaa pajani mwake mchana kutwa, vidole vimejikunja kidogo, na yeye akawa anaufunika kwa leso mgeni akiingia. Mtaalamu alinivuta kando akaniambia bila kuzungusha maneno: mkono usiofanyishwa kazi miezi hii ya mwanzo hukaza, na ukishakaza, kuurudisha ni kazi ngumu mno. Huyu ni mwanamke aliyepiga chapa zaidi ya miaka ishirini bila kutazama vidole vyake. Niliogopa. Niliogopa hata kuliko siku yenyewe ya kiharusi, kwa maana siku ile kulikuwa na gari la kutafuta na fomu za kujaza, na sasa kulikuwa na mpira tu chini ya kabati.

Basi nikamgombeza. Mimi hasira zangu ziko karibu, na sikuziokota barabarani, nilizirithi kwake. Tuligombana asubuhi nzima pale sebuleni kwake Buruburu, yeye kwenye kiti, mimi nimesimama na ule mpira mkononi kama refa. Mwishowe akasema, "Mwanangu, nipe kazi yenye maana. Kubinya mpira si kazi."

Nilikwenda kuosha vyombo kwa kelele, ili ajue bado nimekasirika. Nikiwa kwenye sufuria ya mwisho ndipo nilipoukumbuka ule mchezo.

Zamani mama alikuwa na ofisi ya kupiga chapa na fotokopi hapo hapo mtaani. Ilikuwa chumba kimoja chenye kompyuta mbili, na ya pili ilinunuliwa kuukuu kutoka ofisi fulani ya mjini. Aliyeitumia kabla yetu alisahau kufuta mchezo wa vita uliokuwa ndani, na akatuachia na sidii yake imekwama kwenye mashine. Mama aliufungua siku moja isiyo na wateja, akidhani ni barua. Hakuufunga tena mpaka jioni.

Mchezo wenyewe ni rahisi kueleza. Unapewa watu watatu na kibanda kimoja katika nchi usiyoijua. Huyu unamtuma kukata miti, huyu kulima, yule kuchimba dhahabu, na mavuno yakiingia unazidisha watu, unajenga nyumba, unajenga ukuta, kisha unaunda jeshi na kwenda kumsumbua jirani kabla hajaja kukusumbua. Ila si kama drafti au bao, ambapo unakuna kichwa mwenzako akingoja. Hapa hakuna zamu. Ukijikuna, mwenzako anajenga. Mama aliupatia tangu mwanzo kwa sababu ndivyo alivyokuwa akiishi: sikio kwenye simu, jicho kwenye mashine ya fotokopi, vidole kwenye barua ya mtu ya kuomba kazi.

Mshindani wake alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mfanyabiashara wa vitambaa mwenye duka Eastleigh. Mtaa mzima ulimwita Haji. Alikuja siku moja kupigiwa chapa karatasi za duka, akaona wakulima wa mama wakitembea kwenye kioo, akavuta kiti. Tangu siku hiyo, karibu kila siku baada ya swala ya alasiri, Haji alikaa kwenye kompyuta ya pili, waya ukiunganisha mashine zao, na wakapigana kwa adabu ambayo sijapata kuiona mahali pengine.

"Samahani dada, nimechoma shamba lako."

"Hakuna neno, Haji. Hebu tazama nyuma yako."

Kitabu cha maelezo hatukuwa nacho, kwa hiyo hakuna aliyejua kama mchezo una kitufe cha kuusimamisha. Lakini ofisi ni ofisi, na mteja ni lazima ahudumiwe. Wakatunga sheria: mlango ukifunguliwa, wa kwanza kuona anasema "mteja," na wote wawili wanainua mikono na kuiweka kichwani, ili asiwepo wa kuiba hata mbofyo mmoja. Mikono inabaki juu mpaka mteja aseme shida yake. Kisha mama anamhudumia, na Haji anakaa vile vile, mikono kichwani, huku askari wao wakiendelea kuuana wenyewe bila amri ya mtu.

Alasiri moja akaingia bwana mmoja wa makamo, katibu wa kamati ya harusi, ameshika kumbukumbu za mkutano za kupigwa chapa. Akawakuta mama na Haji wametulia kimya, mikono kichwani, macho mbele. Yule bwana hakuuliza swali. Alilala kifudifudi sakafuni, akasukuma simu yake mbele kwa vidole viwili na kusema kwa sauti ya unyonge, "Chukueni simu, mniachie kitambulisho." Nilikuwa kwenye mashine ya fotokopi, na nilicheka hadi nikakaa chini. Mama alimnunulia soda ya kumtuliza. Aliendelea kuwa mteja wetu kwa miaka mingi, ila tangu siku hiyo alikuwa akichungulia dirishani kwanza.

Baadaye kila mtu akawa na kompyuta mfukoni, ofisi ikafungwa, mashine zikauzwa, na Haji akahamia karibu na duka lake. Mchezo ukatutoka kichwani.

Sasa niliutaka tena, na niliutaka haraka. Ninakoishi, Tassia, kuna fundi wa kompyuta chini ya ghorofa yetu. Nilimweleza, naye akacheka kabla sijamaliza.

"Madam, hiyo game ni ya kitambo sana. Mimi nilikuwa bado shule ya nasari!"

"Kwa hiyo haipatikani?"

"Inapatikana, lakini wameitoa mpya. Hiyo mpya ndiyo noma. Picha safi, kila kitu."

Nikamsikiliza, na hapo ndipo nilipokosea. Ule mchezo mpya unauzwa mtandaoni. Ulitaka barua pepe yangu, nywila, tarehe yangu ya kuzaliwa, na ulipoanza kuingia kwenye laptopu yangu ulichukua tangu chai ya saa nne hadi watoto wakatoka shule. Laptopu ikapata moto wa kupashia chapati. Nikaibeba hadi Buruburu nikiwa na matumaini makubwa, nikaifungua mbele ya mama.

"Hawa ni akina nani?" akauliza.

"Ni wakulima wako, mama."

"Wakulima gani wanang'aa hivi? Wamepakwa mafuta?"

Kabla sijajibu, mchezo ukasema unahitaji intaneti ujisasishe. Ulipomaliza kujisasisha ukatupongeza kwa kuingia, ukatuuliza kama tungependa kuwanunulia askari wetu mavazi mapya. Mama aliifunga laptopu kwa mkono wa kushoto, taratibu, kama anavyofunga mlango mbele ya wauza dawa za mbu.

Nami nilimwelewa. Ule wa zamani haukuwa na umbea. Haukutaka kujua nimezaliwa lini. Mchezo mzima ulienea kwenye sidii moja, ukakubali kukaa kwenye mashine ambayo leo ungeona aibu kumpa mtu, na ukikosa intaneti mwezi mzima haukuwa na habari. Watu wake walikuwa wadogo kama punje za mchele, lakini ukimtazama mmoja ulijua mara moja huyu analima na huyu anazurura. Kwa mtu mwenye mkono mmoja mgonjwa, hilo si jambo dogo.

Nilikwenda Eastleigh. Haji ni mzee sasa. Anakaa nyuma ya meza dukani huku binti zake wakiuza. Alikuwa amekuja kumwona mama hospitalini, lakini habari za mkono hakuzipata vizuri. Nilipomwambia alivua miwani, akaifuta kwa kipande cha kitambaa cha kuonyesha wateja. Halafu akainama kwenye droo ya chini kabisa, akatoa bahasha ya kaki. Sidii ilikuwa ndani, imekwaruzika lakini nzima. Ofisi ilipokuwa ikifungwa aliomba apewe, na mimi sikuwa na habari.

"Kwa nini uliiweka muda wote huu, Haji?"

"Mama yako alinishinda mara ya mwisho, kisha akafunga ofisi. Hakunipa marudiano. Mwambie nakuja Jumamosi ya wiki ijayo."

Yule fundi wa Tassia, ambaye sasa alikuwa ameshikwa na hamu ya kuona mwisho wake, akaniazima kompyuta mbili za zamani zenye mahali pa kuingizia sidii. Zinanguruma kama posho mili ya kusaga mahindi, lakini zinafanya kazi. Tuliziweka kwenye meza ya chakula. Mama aliposikia habari ya Jumamosi alikaa wima.

"Haji anadhani nimeisha?"

"Sijui, mama."

"Washa."

Kwanza alitumia mkono wa kushoto. Mkono wa kushoto ukawatuma wakulima wote mtoni na kuwaacha huko. Akajaribu tena, mambo yakawa yale yale. Basi akaubeba mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, akaulaza juu ya kipanya kama mtu anayemlaza mtoto kitandani, na akaanza kukisukuma kwa bega. Kidole hakikubonyeza. Adui alitufikia na kutumaliza kabla hatujajenga hata nyumba ya pili. Mama alitamka neno ambalo sitaliandika, kisha akasema, "Tena."

Nilikuwa nimesoma mtandaoni kwamba kitufe cha kusimamisha mchezo kipo, na kilikuwapo tangu mwanzo. Nikamwonyesha, nikifikiri nimempa dawa: asimamishe, apumzishe mkono, aendelee. Alinitazama, akakitazama kitufe, akaanza kucheka. Alimkumbuka yule bwana sakafuni na kitambulisho chake, akacheka hadi machozi, nami nikacheka naye, na ilikuwa mara yetu ya kwanza kucheka pamoja tangu augue. Lakini kitufe alikikataa katakata.

"Sichezi vita vya kusimama," alisema. "Nikitaka kusimama nitakwenda kubinya mpira."

Siku tano alicheza dhidi ya kompyuta na kushindwa. Siku ya nne kidole cha shahada kilibonyeza mara moja, mara mbili, kisha kikachoka. Nilipompigia simu mtaalamu kumweleza, akasema huo mchezo ni mazoezi kuliko mpira wake, tuendelee. Mimi niliendelea kuogopa. Kubonyeza ni kitu kidogo sana. Ule mkono wenyewe ulikuwa bado haunyanyuki. Ulisukumwa tu mezani kama mzigo wa mtu mwingine.

Jumamosi Haji alifika saa nane na halua kwenye karatasi. Walisalimiana kwa heshima zote, wakaulizana habari za watoto, wakaketi. Haji hakumhurumia hata kidogo, na namshukuru mpaka leo. Dakika chache tu wapanda farasi wake walikuwa kwenye shamba la mama. Mama alikuwa akijenga ukuta, polepole, kipande kwa kipande, bega likimtoa jasho, na mimi niliyesimama nyuma yake niliona kabisa kwamba kipande cha mwisho hakingewahi. Farasi walikuwa wamefika. Nilishindwa kuvumilia. Nikapitisha mkono wangu juu ya bega lake, nikashika kipanya nimmalizie.

Nikapigwa kofi la mkononi. Kofi la kweli, la sauti, la mama aliyekukuta ukichovya kidole kwenye sufuria.

"Toa mkono wako hapo!"

Haji aliacha kucheza. Nilimwona akinitazama mimi, halafu meza, halafu mimi tena. Mkono wa kushoto wa mama ulikuwa pajani, chini ya leso. Haukuwa umesogea. Wa kulia ulikuwa umeinuka mezani, umenipiga, na umerudi kwenye kipanya, na yeye macho yake hayakuondoka kwenye kioo. Mgongo wa mkono wangu ulikuwa unawaka moto, nami nilisimama pale nikilia kama mjinga, nikiushika ule uchungu nisije nikaupoteza.

"Haji, umelala?" akasema mama. "Cheza."